Namna ya kujenga mti wa ukoo wa titanosaria kwa laptopu ya kawaida

Titanosaria ni sauropodi, yaani dinosaria wa shingo ndefu, waliodumu hadi mwisho kabisa wa Kretasia, miaka milioni 66 iliyopita. Kanda yetu ina mchango mkubwa katika habari zao: Malawisaurus wa Malawi, kisha Rukwatitan (2014), Shingopana (2017) na Mnyamawamtuka (2019), wote watatu kutoka bonde la Rukwa, Tanzania. Mwanafunzi wa Nairobi mwenye laptopu anaweza kuwapanga mwenyewe na kuona ni kwa nini wataalamu bado wanavutana. Tutakaa zaidi kwenye mkia, maana hapo ndipo wengi hupotea.

Majina kwanza

Mwaka 1877 Richard Lydekker alimpa Titanosaurus jina kutokana na mifupa ya India, hasa pingili za mkia. Sifa iliyomtenga, pingili zenye shimo mbele na kichwa cha mviringo nyuma, baadaye ilionekana kwa jamaa zake wengi. Mwaka 2003 Jeffrey Wilson na Paul Upchurch walionyesha kwamba jina hilo halimtambulishi mnyama yeyote mahususi. Jina la kundi, Titanosauria, lilibaki, ila linafasiliwa kwa nafasi katika mti.

Andika fasili tatu kwenye karatasi kabla ya kuwasha kompyuta. Titanosauria ni babu wa pamoja wa mwisho wa Andesaurus na Saltasaurus, sauropodi wawili wa Argentina, na vizazi vyake vyote. Lithostrotia ni vivyo hivyo kwa Malawisaurus na Saltasaurus. Saltasauridae ni kwa Opisthocoelicaudia na Saltasaurus. Mnyama akikosa sifa fulani bado anaweza kuwa titanosaria. Kinachoamua ni tawi alikoangukia.

Kusoma pingili

Nunua shingo ya ng'ombe buchani, na umwombe muuzaji aitenganishe kwenye viungo badala ya kuikata kwa panga. Ichemshe kwa moto mdogo hadi nyama iachie. Utaona kila pingili ina kichwa upande wa mbele na shimo upande wa nyuma. Shingo ya titanosaria iko hivyo pia. Mkia wa titanosaria wengi ni kinyume: shimo mbele, kichwa nyuma. Mamba wa leo ana pingili za namna hiyo, kwa hiyo omba kwa maandishi, mapema, kuona mifupa ya mamba katika mkusanyo wa Makumbusho ya Taifa. Dakika chache na mfupa mkononi zitakufaa kuliko picha nyingi.

Sasa mitego. Andesaurus, ambaye fasili yenyewe inamtegemea, ana pingili za katikati ya mkia zilizo bapa pande zote mbili. Opisthocoelicaudia wa Mongolia ana mkia uliogeuka: shimo liko nyuma. Halafu kuna pingili za Tendaguru, kusini mwa Tanzania, za mwishoni mwa Jura, kipindi kilichotangulia Kretasia. Zina shimo mbele, na kwa sababu hiyo zilihesabiwa kuwa ushahidi wa titanosaria wa mapema mno. Mwaka 2019 zilipewa jina Wamweracaudia na uchambuzi ukaziweka karibu na mamenkisauri, sauropodi wa China wasio titanosaria. Kiungo hicho cha shimo mbele kiliibuka zaidi ya mara moja. Ukikitumia peke yake kuainisha, utakosea.

Kwa hiyo usiandike sifa moja iitwayo "mkia". Igawe: pingili za mbele, za katikati na za nyuma, kila moja na safu yake. Kisha ongeza sifa za sehemu nyingine za mwili: idadi ya pingili za nyonga (titanosaria wengi wana 6), uvimbe wa upande wa nje juu ya mfupa wa paja, kupotea kwa mifupa ya vidole vya mbele, vyumba vidogo vya hewa ndani ya pingili, na mifupa ya ngozi kama ya Saltasaurus.

Jedwali

Kwa mazoezi, chukua wanyama 12 na sifa 40. Majedwali ya utafiti huwa na mamia ya sifa, na mengine yanapakuliwa bure MorphoBank, hifadhi ya majedwali hayo mtandaoni. Makala ya Mnyamawamtuka ilichapishwa katika jarida la PLoS ONE, hivyo inasomeka bila malipo. Weka Camarasaurus kama kundi la nje, yaani sauropodi wa mbali wa kulinganishia wengine, na Giraffatitan wa Tendaguru awe jamaa wa karibu asiye titanosaria.

Hali za sifa ni 0 (mara nyingi "haipo"), 1, 2. Mfupa usiopatikana ni `?`. Usiandike 0 kwa sababu hujauona. Kosa hili humvuta mnyama mwenye mifupa michache kwenda chini ya mti, na Rukwatitan ndiye ataumia kwanza. Angalia umri pia: kiunzi kilicho karibu kamili cha Rapetosaurus wa Madagaska ni cha mnyama ambaye hajakomaa, na baadhi ya sifa hubadilika kwa kukua.

Mnyamawamtuka ana pingili za katikati ya mkia ambazo uso wa nyuma una umbo la moyo. Inapendeza, na inamtambulisha vizuri, lakini sifa iliyo kwa mnyama mmoja tu haimuunganishi na yeyote. Itaurefusha mti kwa hatua moja, yaani badiliko moja la sifa, bila kuhamisha tawi lolote.

Kuendesha TNT

TNT ni programu ya bure inayotafuta mti wenye hatua chache zaidi. Faili huanza na `xread`, kisha idadi ya sifa, ndipo idadi ya wanyama, ukizigeuza, haitasomeka. Majina yasiwe na nafasi ndani. Mnyama wa kwanza ndiye kundi la nje, na hesabu ya sifa huanzia 0, kwa hiyo sifa ya 5 ya makala ni ya 4 kwako. Idadi ya pingili za nyonga ipangwe kwa mfuatano; kama ni sifa ya 4, andika `ccode + 4;`. Kisha:

`hold 10000;`
`mult=replic 1000 tbr hold 10;`
`bbreak=tbr;`
`nelsen;`

Amri ya mwisho hutoa mti wa makubaliano, wenye matawi yaliyomo katika miti yote bora iliyopatikana. Ukipata matawi mengi yaliyofumuka kutoka nukta moja, usikimbilie kuongeza sifa. Mara nyingi ni mnyama mmoja au wawili wenye `?` nyingi wanaorukaruka. Waondoe mmoja mmoja kwenye makubaliano, sio kwenye jedwali, uone nani anayevuruga. Rudia pia kwa uzani wa sifa, ambapo sifa zinazojirudiarudia hupewa uzito mdogo, `piwe=12;`, amri inayoandikwa kabla ya kusoma faili. Tawi linalosimama kwa njia zote mbili ndilo la kuaminiwa.

Linganisha na yaliyochapishwa: Shingopana alitoka karibu na jamaa wa Amerika Kusini, huku Mansourasaurus wa Misri (2018) akiwa karibu na wa Ulaya. Ukipata tofauti, rudi kwenye safu za mkia kwanza. Halafu chukua ile karatasi ya fasili, tafuta nukta inayokutanisha Malawisaurus na Saltasaurus, na uandike hapo Lithostrotia, hata kama wanyama uliowatarajia wamebaki nje.