Manjano ya kuchimba mwenyewe: mboga, kikohozi na rangi ya ukindu

Jamani kama uko Tukuyu, Kyela au hata Mbeya mjini na una kaeneo nyuma ya nyumba, panda manjano yako, achana na unga wa kupimiwa ambao hujui umechanganywa na nini. Panda mwezi wa 11 mvua zikianza, mwezi wa 7 au 8 majani yakishakauka yenyewe ndo unachimba, na hapo ni kiangazi kwahiyo kuanika hakusumbui.

Osha udongo wote, chemsha kama saa nzima, chomeka kijiti, kikipenya bila kulazimisha epua. Wengi wanaruka hapa wanaanika mbichi, matokeo yake inachelewa kukauka na rangi inatoka mabakamabaka. Anika kwenye turubai siku 10 mpaka 15, usiku ingiza ndani, ukiivunja ikalia ka! imekauka. Twanga kwenye kinu, chekecha, funika vizuri.

Kwenye kupika, tafadhali usiimwage kwenye mchuzi unaochemka! Rangi yake inayeyuka kwenye mafuta, maji haiyapendi. Kitunguu kikishalainika weka nusu kijiko cha chai, koroga kidogo tu, mafuta yakigeuka dhahabu na ile harufu ya udongo ikapotea tupia nyanya fasta, ikiungua inakuwa chungu. Usipa (dagaa) mkavu wa Ziwa Nyasa ukiungwa hivi halafu wali wa Kyela pembeni, aisee.

Kikohozi na mafua tunachemsha maziwa na manjano, tangawizi na pilipili manga kidogo, hiyo pilipili inausaidia mwili kuinyonya manjano. Inatuliza koo, ila sio tiba ya kila kitu: kikohozi kikifika wiki 2 nenda kapime TB, na kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda au una mawe kwenye nyongo muulize daktari kwanza, ya kwenye mboga inatosha.

Ukindu wa mikeka chemsha pamoja na manjano iliyopondwa na shabu kidogo (alum, ya kushikisha rangi), acha ulale humo usiku kucha, kausha kivulini maana jua linaifuta rangi hii haraka sana. Ndo maana ikidondokea shati jeupe usilitupe, fua kwa sabuni, doa litageuka jekundu usishtuke, suuza uanike juani siku 2 au 3 litafifia.