Kaza umeme wa nyumba yako kabla ya masika

Wateja wangu wa Sahare, hapa Tanga, huniambia vimbunga ni mambo ya Lindi na Msumbiji. Ni kweli huku karibu na ikweta ni adimu, lakini kimbunga kilipiga Lindi Aprili 1952, na kimbunga Hidaya kilitua Mafia tarehe 4 Mei 2024. Mafia iko pwani hii hii yetu. Hata kisipofika, upepo mkali wa masika unatosha kukuacha gizani.

Anza na nguzo iliyo karibu nawe. Mbao huoza pale inapoingia ardhini. Igonge kwa kipande cha mti mkavu chini ya goti: ikilia kama debe tupu, ndani imeliwa. Tazama na stei, yaani waya unaoishikilia nguzo isilale. Ikiwa imelegea, au kuna mtu kafunga kamba ya nguo au mbuzi, nguzo italala upepo ukija. Yote haya, pamoja na mwembe au mnazi ulioegemea waya, ni ya kuripoti TANESCO kwa namba 180. Tafadhali usipande kukata mwenyewe. Kuti bichi lililolowa mvua linapitisha umeme.

Sasa nyumba yako, na hapa ndipo naomba utulie. Simama nje, tazama waya wa sevisi, ule unaotoka kwenye nguzo, unapoingia. Nyumba nyingi za mjini kwetu breketi, chuma kinachoushika waya huo, imepigiliwa kwenye fisha bodi, ule ubao wa ukingo wa paa. Upepo ukiuyumbisha waya, ubao unachanika, na bati linafuata. Breketi ishikwe na bolti ndani ya ukuta wa tofali, bolti zilizopakwa zinki, maana chumvi ya bahari hula chuma cha kawaida upesi. Kabla ya kuingia ukutani waya ushuke kidogo kisha upande juu, maji yadondokee nje badala ya kufuata waya hadi kwenye mita. Aluminiamu isisokotwe na shaba mkono kwa mkono. Panahitaji konekta yake, la sivyo pataungua. Lakini kila kilicho kabla ya mita ni kazi ya TANESCO, si ya kijana wa mtaani.

Klampu ya ethi, yaani kibanio cha waya wa ardhini, ichimbue, uone kama haijaliwa na kutu.

Upepo ukianza, zima mein swichi. Mwenye jenereta aweke chenjiova, swichi ya kuchagua umeme wa TANESCO au wa jenereta. Ukiichomeka jenereta kwenye soketi tu, umeme unarudi kwenye laini na kumkuta fundi aliye juu ya nguzo, anayeamini laini imezimwa.