Namna ya kumtafuta na kumhesabu tondo kwenye mikoko

Tondo, ambaye wengine humwita suka, ndiye konokono mkubwa kuliko wote wa mikokoni. Jina lake la kitaalamu ni Terebralia palustris. Anapatikana kuanzia pwani ya Afrika Mashariki hadi kaskazini mwa Australia, na gamba lake refu lililochongoka hupita sentimita 10 kwa urahisi.

Nenda siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Ingia saa moja kabla ya maji kupwa kabisa, utoke yanapoanza kujaa. Vaa viatu vya kufunga kamba. Ndala zitabaki topeni na vigae vya magamba vitakukata.

Usitafute konokono, tafuta majani. Jani la mkoko likidondoka, tondo wa kwanza huanza kulitafuna, na harufu ya jani lililotafunwa huwavuta wenzake. Utawakuta wamelibana pande zote, midomo chini, jani limebaki vipande. Hao ni wakubwa. Wadogo, chini ya sentimita 5 hivi, hawana meno ya kukata jani: ulimi wao hukwangua vijimea na uozo juu ya tope. Kwa hiyo watafute mara nyingi kwenye tope lililo wazi na kwenye vidimbwi. Anayehesabu chini ya miti tu atadhani tondo hawazai.

Tengeneza fremu ya mita 1 kwa mita 1. Shika mstari kutoka nchi kavu kuelekea baharini, uiweke kila baada ya hatua 10, hata pakionekana patupu. Kuchagua penye konokono wengi huharibu hesabu yote. Papasa tope kwa vidole, maana wadogo hujifukia. Pima kutoka ncha hadi mdomo. Ncha ikiwa imevunjika, andika, kwani kipimo kitapungua.

Kisha geuza kila gamba. Tondo aliye hai huziba mdomo kwa kifuniko cha mviringo, rangi ya kahawia. Ukiona miguu, ni kaa aliyehamia. Ukiona tope limejaa, amekufa. Usimchanganye pia na konokono mwingine wa mikokoni, Cerithidea decollata, mwenye sentimita 3 hivi na ncha kama iliyokatwa, ambaye hupanda mashina maji yakikaribia kujaa.

Mrudishe kila mmoja palepale ulipomtoa, mdomo chini.