Kuanza Ys kutoka sifuri: mwongozo kwa wachezaji wa Mwanza

Ys ni mfululizo wa gemu za video za safari na mapigano. Jina hutamkwa "Iis", silabi moja iliyovutwa. Gemu ya kwanza ilitolewa na kampuni ya Nihon Falcom ya Japani mwaka 1987 kwa kompyuta za PC-8801, na Ys X: Nordics ilitoka huko Japani mwaka 2023. Karibu zote zinamfuata Adol Christin, kijana msafiri mwenye nywele nyekundu. Ni gemu nzuri kupita kiasi, na inasikitisha kuona watu wengi wanaziacha ndani ya saa ya kwanza. Wanaziacha kwa sababu moja au nyingine kati ya mbili: wameanza na gemu isiyolingana na mashine waliyonayo, au wanapigana kwa kubonyeza vitufe mfululizo wakidhani vidole vyepesi vinatosha. Katika Ys, levo moja (kiwango cha nguvu cha mhusika wako) na pembe unayomwingilia adui vina uzito kuliko wepesi wa vidole.

Namba za gemu zisikusumbue. Adol ana umri wa miaka 17 katika I na II, lakini pia ana 17 katika X. Ys VIII inatokea kabla ya VI. Ys Origin, iliyotoka 2006, inasimulia mambo ya miaka 700 kabla ya Adol na yeye mwenyewe hayumo. Kila hadithi inajitosheleza, isipokuwa I na II ambazo ni hadithi moja iliyokatwa katikati. Kwa hiyo chagua kwa mashine. Ukiwa na laptopu ya zamani yenye RAM ya GB 4 na isiyo na kadi ya picha ya pekee, chukua Ys I & II Chronicles+, Origin au The Oath in Felghana. Ukiwa na PS4, au kompyuta yenye kadi ya picha, chukua Ys VIII: Lacrimosa of Dana.

Kununua na kushusha

Kwa kompyuta, zote hizo ziko Steam, duka la gemu la mtandaoni. Malipo yanapita kwa kadi ya benki au kadi ya mtandaoni inayotolewa na huduma za pesa za simu. Usikimbilie kununua siku hiyohiyo. Weka gemu kwenye orodha ya matamanio na usubiri punguzo, kwa maana gemu za zamani za Falcom hushushwa bei mara kwa mara. Steam hurudisha pesa ikiwa hujapitisha siku 14 tangu ununue na hujacheza saa 2, basi zitumie saa hizo kuipima mashine: ingia kwenye mapigano yenye maadui wengi uone kama picha inakwama. Ukikaa kwenye menyu tu hutajua lolote.

Bando ndilo linaloumiza. Kama rafiki yako wa Nyegezi au Igoma tayari anayo gemu hiyo na wewe umeinunua kwa akaunti yako, huna haja ya kuishusha upya. Unganisheni mashine zote mbili kwenye Wi-Fi moja, hata ya simu, kisha fungueni Steam, "Settings", halafu "Downloads", na muwashe "Game File Transfer over Local Network". Mashine yako itachota mafaili kutoka kwa mwenzako, na intaneti itatumika kidogo sana. Ikigoma, huenda ni kwa sababu mashine ya mwenzako imeruhusu kuhamisha kwa marafiki tu na ninyi bado hamjawa marafiki kwenye Steam.

Gemu ikishaingia, ifungue mara moja ukiwa na intaneti, ndipo uchague "Go Offline". Ukiruka hatua hiyo, siku bando likiisha Steam inaweza kukataa kuifungua.

Joto, umeme na padi

Laptopu ikiwa juu ya kitanda au godoro hupata joto ndani ya dakika chache, hujipunguza kasi, na picha huanza kukwama hata kwenye gemu nyepesi kama Origin. Iweke mezani, inua upande wa nyuma kwa vifuniko viwili vya chupa za maji ili hewa ipite chini, na safisha feni kila baada ya miezi michache kama unakaa kando ya barabara ya vumbi. Kumbuka pia kwamba laptopu nyingi hupunguza nguvu zikiwa kwenye betri. Ukiona mapigano yamekuwa mazito ghafla, angalia kwanza kama umeme umekatika na hujajua.

Hapo linakuja suala la kusevu, yaani kuhifadhi ulipofikia. Umeme ukikatika wakati kompyuta ya mezani inaandika faili, faili hilo linaweza kuharibika moja kwa moja. Tumia nafasi mbili za kusevu na uzipokezane: leo ya 1, mara ijayo ya 2. Ys I inakuruhusu kusevu popote isipokuwa unapopigana na bosi (adui mkubwa wa eneo), basi sevu kila ukivuka mlango. Origin hairuhusu hivyo, unasevu kwenye sanamu za miungu wa kike, na hapohapo ndipo unaponunua nguvu mpya kwa pointi ziitwazo SP. Ukiona sanamu, iguse kabla ya jambo lingine lolote.

Padi (vidhibiti vya kushika mkononi) za bei nafuu za USB zinafanya kazi vizuri, ila zina jambo moja linalowachanganya wengi. Katikati kuna kitufe kilichoandikwa "ANALOG". Taa yake ikiwa imezimwa, kijiti cha kushoto kinajifanya vitufe vya mishale, na mhusika wako anakuwa na mwendo mmoja tu. Kibonyeze mpaka taa nyekundu iwake. Kama gemu haiioni padi kabisa, nenda kwenye "Properties" za gemu hiyo ndani ya Steam, sehemu ya "Controller", uwashe "Steam Input". Padi nyingi za aina hii huzungumza lugha ya zamani ambayo gemu mpya hazisikii, na Steam inakaa katikati kama mkalimani.

Ukicheza kwenye televisheni, tafuta hali ya gemu ("Game Mode") kwenye mipangilio yake. Bila hiyo, pigo linaonekana baadaye kidogo kuliko ulivyobonyeza, na katika Ys VIII ucheleweshaji huo unatosha kukuua.

Ys VIII kwa kifupi

Meli ya Lombardia inazama, Adol anatupwa ufukweni kwenye kisiwa cha Seiren, na kazi yako ni kuwatafuta manusura wengine na kujenga nao kijiji. Mmoja wao, Sahad, ni mvuvi mwenye mwili mkubwa na moyo mkubwa zaidi, na yeyote aliyekulia karibu na mwalo wa Kirumba atampenda mara moja.

Mfumo wa mapigano unategemea aina tatu za mapigo. Adol anakata, mwenzake Laxia anachoma, Sahad anaponda. Maadui wanaoruka huchomwa, wenye magamba magumu hupondwa, wenye miili laini hukatwa. Ukimpiga kaa wa mawe kwa upanga wa Adol utachoka bure. Badili mhusika kwanza, mpasue gamba, halafu endelea. Kila unapoingia eneo jipya hakikisha watu watatu ulionao wana aina zote tatu.

Ukikwepa sekunde ileile pigo linapokufikia, maadui wanapungua mwendo kwa muda mfupi. Ukikinga kwa wakati huohuo sahihi, huumii, na mapigo yako yanayofuata yanakuwa makali zaidi. Jifunzie kwa wanyama dhaifu wa ufukwe wa kwanza. Kosa la kawaida ni kukwepa mapema, pale adui anapoanza kunyanyua mkono. Subiri mkono uanze kushuka. Kwenye kompyuta, kama picha inayumba, punguza vivuli na ulainishaji wa kingo ("anti-aliasing") kwanza, kisha ukubwa wa picha hadi 1280 kwa 720.

Jambo la mwisho hapa: kazi ndogondogo za wanakijiji zina muda wake, na zikipita hazirudi. Zinajenga sifa yako kijijini, na mwisho wa kweli wa hadithi unategemea sifa hiyo. Kabla ya kusukuma hadithi mbele, rudi kijijini usome ubao wa matangazo.

Wanaocheza kwenye kibanda cha gemu wana tatizo lao: gemu ya saa nyingi kwenye mashine ya watu wote. Usicheze kwa jina la mwenye kibanda. Fungua mtumiaji wako, uingie kwa akaunti yako, na ukimaliza nakili sevu kwenye flashi kupitia "Application Saved Data Management" ndani ya mipangilio ya PS4. Flashi iwe ya mfumo wa FAT32 au exFAT. Sevu imefungwa kwenye akaunti, kwa hiyo kwenye mashine nyingine utaingia kwa akaunti ileile, la sivyo haitafunguka.

Ys I: hapa ndipo penye somo lote

Ukiwa na laptopu dhaifu, umebahatika. Ys I ni fupi, na inafundisha kila kitu. Hakuna kitufe cha kupiga. Unamgonga adui kwa kumkimbilia, na hapo ndipo wengi wanapofia.

Ukimwendea uso kwa uso, wote wawili mnaumia. Sogea pembeni kidogo ili nusu ya mwili wako ndiyo ikutane na nusu ya mwili wake, bega kwa bega. Hapo unampiga na yeye hakugusi. Katika Chronicles+ unaweza pia kumwingilia kwa mshazari, na hiyo ndiyo njia rahisi zaidi ya kujifunza: shika juu na kulia kwa pamoja, uingie kwenye kona yake. Kumpiga mgongoni ni salama daima. Adui akigeuka ghafla kukutazama, usishupae. Toka hatua mbili, ujipange upya. Jaribu kwa dakika kumi uwandani nje ya mji wa Minea, na mikono itazoea.

Ukiwa huko nje, ukisimama tuli uhai unarudi wenyewe. Ndani ya mapango haurudi mpaka uwe na pete ya uponyaji na uivae. Unavaa pete moja tu kwa wakati, kwa hiyo ya uponyaji iwe ya kupumzikia, na ya nguvu au ya kinga iwe ya kupita penye maadui wengi. Pete ya uovu usiivae kwa udadisi, inakumaliza.

Na silaha: kununua si kuvaa. Fungua menyu ya vifaa uuweke upanga mkononi na ngao upande wa pili. Wengi wanatoka dukani na upanga mfukoni, wanauawa na adui wa kwanza, halafu wanailaumu gemu.

Sasa levo. Ys I ina levo 10 tu. Kila moja inabeba mabadiliko makubwa, kwa sababu gemu inapima nguvu yako dhidi ya kinga ya adui. Ukiwa chini, pigo lako linakwangua tu hata ukilenga vizuri. Ukipanda levo moja, adui yuleyule anaanguka kwa mapigo machache. Kwa hiyo ukikwama, rudi nyuma ukaue maadui wa kawaida mpaka upande. Hakuna aibu katika hilo, gemu imejengwa hivyo.

Mfano mkali kuliko yote ni Vagullion, bosi wa mgodini. Anatawanyika na kuwa kundi la popo, na akiwa popo humwumizi. Zunguka chumba ukiwakwepa, angalia wanapoanza kukusanyika, uwe karibu bila kuwa katikati yao. Wakishaungana kuwa umbo moja, mgonge haraka, kisha ondoka kabla hajatawanyika tena. Nafasi hiyo ni fupi sana. Aliye na levo ya chini anapata kumkwangua tu kila duru, huku popo wakimla uhai, na hesabu haimfikishi. Ukifanya yote sawasawa na bado mstari wa uhai wake hausogei, toka mgodini upandishe levo.

Kabla ya kuingia mnara wa Darm, wenye ghorofa 25, sevu kwenye nafasi ya peke yake ambayo hutaigusa tena. Ukishaingia hutoki. Ufike juu ukiwa na levo 10, upanga, ngao na vazi vyote vya fedha, kwa kuwa bosi wa mwisho anayekungoja huko, Dark Fact, haumizwi na upanga mwingine. Kila unapompiga, kipande cha sakafu pale alipokuwa kinatoweka, na nafasi yako ya kukimbia inazidi kupungua. Ukimkwepa mno, moto wake unakumaliza polepole. Mfuate, mpige karibu na kingo za chumba ili katikati pabaki pazima, na kubali kuumia kidogo ili umwumize zaidi.

Akianguka, hadithi inaendelea katika Ys II. Vitabu vya Ys ulivyokusanya njiani unakwenda navyo, lakini Adol anaanza upya kwenye levo 1 na silaha zake hazipo. Usitoke kijiji cha Lance kabla hujamaliza kuongea na watu wote na kujipatia upanga.