Somo: Kuhamisha mfumo wa zamani kutoka Java 8 hadi Java 17

Tuchukulie kwamba tuna mfumo wa akiba na mikopo wa sacco ya hapa Kisumu, ulioandikwa kwa Java 8 (toleo la 8 la lugha ya programu ya Java) iliyotoka mwaka wa 2014, nasi tunataka uendeshwe na Java 17 ya mwaka wa 2021. Kazi hizi ni mbili na zisichanganywe: kwanza kubadilisha toleo la Java, kisha, mfumo ukishatulia, kuhamia Spring Boot 3 (kiunzi cha kujengea programu za Java), ambayo haikubali Java iliyo chini ya 17 na hudai majina ya vifurushi yanayoanza na javax ya Java EE (sehemu ya Java kwa programu za seva) yageuzwe kuwa jakarta. Ukizifanya kwa pamoja, hitilafu ikizuka hutajua imetoka upande upi.

Hatua ya kwanza: Endesha jdeps --jdk-internals juu ya faili ya jar (kifurushi cha programu ya Java iliyo tayari kuendeshwa). Zana hiyo itataja kila darasa linalotegemea viungo vya ndani vya Java, kwa mfano sun.misc.BASE64Encoder, ambalo limeondolewa na badala yake hutumika java.util.Base64. Jar ya Spring Boot ifunguliwe kwanza, kwa kuwa jdeps haisomi jar zilizofungwa ndani ya nyingine.

Hatua ya pili: Ukiwa bado kwenye Java 8, pandisha Spring Boot hadi 2.7, inayokubali matoleo yote mawili, pamoja na maktaba nyingine, hasa Lombok, inayokuandikia msimbo wa kujirudia.

Hatua ya tatu: Ongeza JAXB (inayogeuza data ya Java kuwa XML na kinyume chake) kama maktaba ya nje, kwani iliondolewa katika Java 11.

Hatua ya nne: Kagua amri ya kuwashia seva. Java 17 ikikuta -XX:+PrintGCDateStamps au -XX:+UseConcMarkSweepGC hukataa kuwaka kabisa. Zifute, na rekodi za GC (usafishaji wa kumbukumbu ya programu) uziombe kwa -Xlog:gc.

Hatua ya tano, ambayo wengi huipuuza: Jaribu tarehe. Mfumo unaosoma taarifa za benki zenye "05-Sep-2019" kwa Locale.UK (kanuni za Kiingereza cha Uingereza) ulifanya kazi vyema katika Java 8, lakini katika Java 17 kifupisho hicho ni "Sept", kwa hiyo malipo ya Septemba yatakataliwa ilhali ya Agosti yamepita bila tatizo. Ukijaribu kwa data ya mwezi mmoja tu, hutaligundua. Tumia Locale.ENGLISH, au bora zaidi, tarehe za tarakimu pekee.

Maswali ya washiriki wa somo

Swali: Mwalimu, tukifika Spring Boot 3, je, naweza kubadilisha kila javax kuwa jakarta kwa mkupuo mmoja?
Jibu: Hapana, ndugu. javax.sql na javax.crypto ni mali ya Java yenyewe na hazibadiliki. Zinazobadilika ni kama javax.persistence na javax.servlet.

Swali: Hapa kwetu Kakamega, tangu tuhamie Java 17 programu haiunganiki na hifadhidata yetu ya zamani, na ujumbe unataja TLS (itifaki ya kusimba mawasiliano). Tufanyeje?
Jibu: Java 17 imezima TLS 1.0 na 1.1. Sasisheni hifadhidata, au angalau kiendeshi chake, ili itumie TLS 1.2. Inawezekana kulegeza jdk.tls.disabledAlgorithms katika faili ya java.security, lakini kwa mfumo unaobeba fedha za wanachama, hilo liwe la siku chache tu na msimamizi awe ameridhia kwa maandishi.