Kupiga video usiku bila mistari myeusi

Wiki iliyopita nilikaa na kijana wa jirani yangu hapa Moshi. Alitaka kumrekodi mama yake akichoma mishikaki usiku, karibu na soko la Mbuyuni. Simu yake nzuri, ila kila video ilikuwa na mistari myeusi inayopanda na kushuka. Mistari hiyo naijua, iliwahi kuniharibia send-off nzima.

1. Futa lenzi. Moshi na mafuta ya nyama huzipa taa ukungu.

2. Simu ikae kwenye stendi. Huna? Kreti ya soda inatosha.

3. Shata, yaani muda ambao kila picha ya video inapokea mwanga. Hapa usiharakishe. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona, ndiyo ile mistari. Simu ikijichagulia yenyewe, mara nyingi huweka fremu (picha) 30 kwa sekunde, na shata inaweza kuwa 1/60 ya sekunde, inayoendana na umeme wa hezi 60 kama wa Marekani. Weka fremu 25, shata 1/50. Mimi natumia programu ya Blackmagic Camera, ni ya bure. Simu yako ikiikataa, tafuta programu yoyote inayokuachia shata mkononi. Kwenye jenereta hezi huyumba, kwa hiyo sogeza shata kidogo kidogo huku unatazama kioo hadi mistari ipotee. Baadhi ya LED zilizopunguzwa mwanga zina mapigo yake zenyewe, hata 1/50 haizitulizi. Omba ziwashwe kwa mwanga wote, au zizimwe. Kisha rekodi sekunde kumi, uzicheze na kuzitazama hapo hapo. Kwenye ile send-off sikufanya hivyo. Nilirekodi kwa muda wa saa tatu, mistari nikaiona nyumbani, na bibi harusi hawezi kuagwa mara mbili.

4. Funga ISO (kiasi ambacho kamera inaongeza mwanga) na fokasi, bodaboda akipita na taa yake picha isiyumbe. Kwenye simu sipendi kuvuka ISO 800, chembechembe zinazidi.

5. Usiwashe tochi ya simu. Inambabua mtu uso, nyuma yake panabaki giza totoro. Taa ikae pembeni. Balbu ya mama tuliihamishia nyuma ya jiko, upande wa kushoto, na ule moshi ambao mwanzo hata hauonekani ukaanza kung'aa, ukijikunja juu ya vidole vyake kila anapogeuza mshikaki.