Jinsi ya kumpata na kumpiga picha nzi mwindaji huku Dodoma

Wadau wa wadudu mlioko Dom, Bahi, Chamwino mpaka Manyoni, kuna nzi nataka tumfuatilie maana kwetu hajaandikwa sana kabisa. Ni nzi mwindaji, familia yake kisayansi inaitwa Asilidae, duniani spishi zinazojulikana zimepita 7,000, na wa kwetu wengi hata picha nzuri hawana.

Kumjua sio kazi. Macho makubwa, na katikati ya macho juu ya kichwa pamebonyea, miguu ina miiba, afu usoni ana masharubu ya nywele ngumu yanayomkinga windo likianza kupigana. Usimchanganye na kerengende, yule ana mabawa manne huyu mawili. Wala sio pange, huyu hana shida na damu ya ng'ombe wako, yeye anakula wadudu wenzake: panzi, nyigu, nzi, hadi nyuki.

Toka jua likishakolea, kuanzia saa nne hivi mpaka saa tisa, na msimu mzuri ni mvua zikishaanza, Desemba kwenda Aprili, wadudu wanakuwa wengi. Pita kwenye vichaka vya migunga, njia za vumbi kando ya alizeti, waya za mashamba ya zabibu kule Hombolo, angalia ncha za vijiti vikavu, mawe na mchanga mtupu.

Sasa ukimuona usimkimbize, hapa ndo wengi wanampoteza. Yeye ana kituo chake, anaruka anadaka mdudu hewani anarudi palepale au jirani tu, kwa hiyo akiruka wewe chuchumaa utulie, simu ishakuwa tayari, na kivuli chako kisimpitie. Akirudi na windo ndo bahati yako maana anakula taratibu, anachoma mdomo sehemu laini kama nyuma ya kichwa, anaingiza mate yenye sumu, mdudu anapooza na nyama ya ndani inayeyuka, afu anafyonza mpaka libaki ganda tupu analidondosha chini ya kijiti. Akiwa anakula sogea polepole, simama kama mita moja na nusu, zumu kidogo, piga nyingi mfululizo. Nataka picha nne: uso kwa mbele, ubavu, juu ili mishipa ya mabawa ionekane, na windo lenyewe. Hiyo ya windo naisisitiza kuliko zote, jina la nzi mtaalamu anaweza kulitafuta baadaye kwenye picha, ila alichokula siku hiyo hakuna atakayejua kama hukupiga.

Kwenye nguzo na mbao za paa zenye matundu ya yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao, kaa macho zaidi. Kuna jenasi, yaani kundi la spishi za karibu, ya hawahawa nzi wawindaji inaitwa Hyperechia, ipo Afrika Mashariki, inafanana na huyo nyuki mpaka unashtuka, inamkamata na kumla, na watoto wake wanakula watoto wa nyuki humohumo kwenye matundu. Hesabu mabawa, nyuki ana manne.

Kwa mkono usimshike, akikuchoma inauma japo mwenyewe hamfuati mtu. Na wafugaji nyuki jamani msimpulizie dawa, ni kweli anadaka nyuki mmoja mmoja, lakini watoto wa spishi nyingi wanaishi udongoni wanakula mabuu ya mbawakawa.

Picha weka iNaturalist, ile app na tovuti ya kurekodi viumbe, washa lokesheni, chagua Asilidae kama spishi huijui, usibahatishe jina. Kwenye maelezo andika saa, alikaa juu ya nini, alikula nini, na kama windo umeshindwa kulijua andika tu "mdudu mweusi mwenye mabawa" na picha yake uibandike hapohapo.